Mupira wa Congélateur ya Mama Mukwe

Miaka kumi na moja nilikuwa mukwe wa nyumba ile ya Ruashi, na kwa miaka yote hiyo jikoni ya mama mukwe niliijua kwa harufu tu. Ndani sikuingia. Kwa asili ya bibi yangu, mama ya batoto bangu, mwanaume aliyeoa hali pamoja na mama mukwe, hamwangalii machoni, hamsemeshi moja kwa moja, wala hapiti mulango wa jikoni yake, mpaka siku familia itakapomuingisha. Kuingishwa ni sherehe. Mama mukwe anapika chakula cha kila aina, anafunua sufuria moja moja mbele yako, na tangu hapo umekuwa mutoto wa ndani.

Sherehe yangu ilikuwa inasukumwa mbele. Mwaka mumoja kulikuwa kilio, mwaka mwingine sikuwa na kazi, mwingine tulisahau tu. Siwezi kusema kosa lilikuwa la nani. Pengine langu: kiti changu cha barazani nilikuwa nimekizoea.

Nilikaa pale, chakula kikanifuata. Mama mukwe akisimama nyuma ya pazia la mulango, alisema na binti yake:

“Umuambie mukwe, chai iko moto.”

Nilikuwa nimemusikia vizuri, maana pazia si ukuta. Lakini nilingoja bibi yangu arudie, kisha nikasema aksanti, naye akabeba aksanti yangu hatua mbili hadi nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na niandike ukweli, hatukugombana hata siku moja.

Mama mukwe anauza samaki. Ndugu yake mwanamuke anakaa Kasenga, na anamutumia samaki kwa camion, ndani ya barafu. Hapa Ruashi wanaingia katika congélateur, ile friji ndefu ya kulala kama sanduku, mfuniko juu. Sasa mupira unaozunguka mfuniko ule, ambao bafundi wanauita joint, ulikuwa umepasuka na kukauka. Baridi ilikuwa inatoka, joto linaingia, na congélateur inatoa jasho kama muntu wa malaria.

Siku ya yenga moja, jumapili, baada ya misa, tulikuwa wote pale. Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, akasema wataita fundi wa mjini. Nami barazani, bila kuulizwa na muntu, nikasema kwa sauti:

“Fundi ya nini? Ile ni joint tu. Nitatengeneza miye mwenyewe.”

Nyuma ya pazia kijiko kiliwekwa chini. Kisha:

“Umuulize mukwe, atatengeneza kwa kupitia wapi?”

Shemeji alicheka mpaka akaweka glasi chini. Bibi yangu alinirudilia lile swali neno kwa neno, na nikasema miye nitatafuta mupira, shemeji atauvalisha.

Mpaka leo najiuliza kwa nini nilisema. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za bantu. Bintu bya umeme ninafungua kwa kupenda tu. Nikihesabu kwa haki: pasi ilipona, réchaud ya kupikia ilipona mara mbili ikafa mara ya tatu, na redio ya jirani nilimurudishia katika mufuko. Muntu wa hesabu hiyo angenyamaza.

“Umuambie,” sauti ikasema tena, “samaki ya Kasenga inafika siku ya posho.”

Siku ya posho ndiyo jumamosi yetu. Samaki wakifika na congélateur haishike baridi, wataoza, na ndugu wa Kasenga atapata sababu ya kumutumia muuzaji mwingine. Hilo hakulisema. Halikuhitaji kusemwa.

Nilitaka mupira wa zamani utolewe ili niende nao. Jibu likarudi kupitia bibi yangu: hapana. Ule uliopasuka bado unashika kidogo, ukiutoa leo, congélateur itabaki kabati. Mama mukwe akasema atapima yeye mwenyewe. Jioni bibi yangu alinipa utepe wa kitambaa chekundu cha kuiva, umekunjwa kama bandeji, na fundo kwenye ncha moja.

“Mama anasema umezunguka mfuniko wote mara moja. Fundo limekutana na mwisho sawasawa.”

Alinipa na picha katika telefone. Kidole gumba cha mama mukwe kilionekana vizuri sana. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha mupira.

Jumatatu, nikitoka kazini, niliingia Kamalondo. Kuna pahali pale ambapo friji zilizokufa zimelala chali kando ya njia, tumbo wazi, na bafundi wanazitoa viungo: mota huku, waya kule, na mipira ya milango inaning’inia kwenye misumari kama nyoka waliochunwa. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa. Hakuniangalia.

“Leta ya zamani.”

“Haiko.”

“Imepotea?”

“Iko ku congélateur.”

“Basi utoe, ulete. Joint haiuzwe kwa maneno, papa.”

“Siwezi kutoa. Congélateur iko mu jikoni ya mama mukwe.”

Hapo aliweka bisibisi chini.

“Habayakuingisha?”

“Bado.”

“Tangu wakati gani?”

“Miaka kumi na moja.”

Akageuka kwa jirani yake, muzee mwenye kuuza vipande vya ventilateur, yaani feni. “Vieux, kuya usikie! Miaka kumi na moja, na anatafuta joint ya mama mukwe!”

Muzee akaja na kiti chake. Alinitazama kwa huruma ya kweli. “Miye balinikalisha inje miaka saba. Siku niliingia, nikakuta jikoni iko kaloko, kadogo kabisa. Nilisema: njo hii tu?”

“Weye ulifikiri iko nini mule?” kijana akamuuliza.

“Sijui. Harufu ilikuwa ya jikoni kubwa.”

Baada ya kucheka, kijana alichukua utepe wangu, akashika ncha kwa mikono ile yake, akaunyoosha wima kwenye misumari, mupira mumoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa mifupi.

“Papa, yako ni ya congélateur ya muuza nyama. Ya bantu ya kutia ng’ombe muzima. Sina.”

Nikashukuru, nikasonga mbele. Kona ya pili kulikuwa mwanaume mwenye miwani, mpole, aliyeweka kila kintu chake juu ya gazeti. “Leta ya zamani,” alisema, na ilinibidi nisimulie habari yote upya, naye pia akaita jirani yake aje asikie. Kisha akalaza utepe juu ya meza taratibu, kama muntu anayelaza mutoto, akapima.

“Hii ni fupi sana. Ni ya congélateur kadogo, ya wale banauza sucré ya chupa.”

“Ndugu, kule nyuma wameniambia ni ya muuza nyama.”

“Nani, ule wa mikono? Ule anapenda bintu bikubwa.”

Niliporudi nyumbani nilifungua cahier yangu, ambamo naandika mambo ya siku, na nikaandika kwamba wa kwanza ni mwongo, alitaka kunichezea. Kisha nikafikiri: hakuniuzia kintu, uongo ungemufaa nini? Nikafuta. Nikaandika kwamba mwongo ni wa pili. Lakini wa pili naye hakuniuzia kintu. Nikafuta tena, na ukurasa ukatoboka.

Nikachukua mètre yangu ya kazi nipime mwenyewe. Jioni nilipata namba moja. Asubuhi, mbele ya kwenda kazini, nikapata nyingine, tofauti kama shubiri mbili. Hapo sikushuku utepe. Nilijishuku miye. Niliacha shule mwaka wa pili wa secondaire, na hesabu ndizo zilizonisindikiza mpaka mulangoni. Nilisema, basi, hata kusoma mètre kumeanza kunitoka.

Nilifanya nini? Nilifanya haki. Bafundi babili wanasema maneno mawili, hakuna aliyenidanganya kwa faida, kwa hiyo kila mumoja nimupe nusu. Jumatano nilirudi Kamalondo, nikatafuta wa tatu, na kabla hajafungua kinywa nikamuambia: “Ya zamani sina, mama mukwe, bado, miaka kumi na moja. Nataka ya katikati.” Mwanaume huyu alikuwa na haraka. Alipima kwa kuvuta kidogo, si sana, akapata mupira uliokuwa kati ya vile vipimo viwili. Nikafurahi. Niliona hukumu yangu imethibitishwa.

Siku ya tano, yaani ijumaa, jioni, tulikwenda Ruashi. Nilikaa kwenye kiti changu. Shemeji aliingia ndani na mupira, bisibisi na maringo. Nilisikia mupira wa zamani unang’olewa, krraa, krraa, na moyo wangu ukasema: pole pole, pima kwanza. Lakini moyo wa barazani hausikilizwi jikoni.

Kisha pazia likatikisika.

“Umuambie mukwe, mupira uko murefu.”

“Umuulize mama, murefu namna gani?”

“Umuambie, unaobakia unatosha kufunga mbuzi.”

“Umuulize mama, shemeji ameanzia kona gani?”

“Umuambie, kona ni kona, ziko ine zote.”

Bibi yangu alikuwa amesimama katikati, kichwa kinakwenda huku na huku. Mwisho alikaa chini kwenye kizingiti.

“Miye si waya ya téléphone! Mama, ule ni mukwe wako. Weye, ule ni mama. Muko mita mbili! Semeni ao munyamaze.”

Tulinyamaza. Heshima ya miaka kumi na moja haiwezi kuvunjwa kwa sababu muntu mumoja amechoka miguu. Ndani yangu nilikuwa nimeisha. Kabla yangu congélateur ilikuwa na mupira mubovu. Sasa haikuwa na mupira wowote. Na telefone ikalia: ndugu wa Kasenga, anasema samaki wamekwisha kupakiwa, camion imeondoka. Shemeji aliita fundi wa mjini, fundi akasema atakuja jumatatu. Shemeji hakuniambia neno baya, hilo niliandika. Aliniangalia tu.

Nyuma ya pazia miguu ikaenda, ikarudi. Kisha mama mukwe akasema kwa sauti ile ya kuita bei sokoni:

“Umuambie mukwe aingie.”

Bibi yangu akasimama. “Mama, habayamuingisha!”

“Njo namuingisha.”

“Leo?”

“Samaki iko mu njia. Unataka niwaambie bangoje sherehe?”

Akaitwa mama mukubwa, dada ya mama mukwe, anayekaa parcelle ya jirani, maana bila muzee wa familia jambo haliwezekani. Alifika na kitambaa cha kichwa hakijafungwa vizuri, na hasira tayari.

“Kuingisha namna gani? Bila pombe ya asili, bila bantu, bila kuku?”

“Kuku iko,” mama mukwe alisema. “Iko mu congélateur, na inaanza kuyayuka. Tupike mbiyo.”

Mama mukubwa alifikiri. Aliingia, nadhani aliigusa kuku ile, akatoka. “Ni kweli,” alisema, “haitaona kesho.”

Walipika. Nilisikia mafuta, nikasikia mama mukubwa anagombana na kitunguu. Kisha wakanishika mukono, bibi yangu upande huu, mama mukubwa upande ule, na nikapita pazia. Muzee wa ventilateur alikuwa na haki. Jikoni ilikuwa kaloko. Lakini sikusema “njo hii tu”. Niliyakaza macho kwenye sufuria, na sijui kama ni heshima ao ni aibu ya mupira.

Mama mukwe alikuwa mufupi kuliko sauti yake. Alisimama nyuma ya sufuria, akafunua moja moja, akisema kwa utaratibu wa kanisani:

“Mukwe, hii ni bukari ya nyumba hii. Hii ni sombe. Hii ni maharagi. Hii ni dagaa. Hii ni kuku.” Akageuka, na kwa sauti ile ile, bila kupumua: “Na hii ni congélateur.”

Hakuna aliyecheka isipokuwa shemeji, na mama mukubwa akamupiga na kifuniko.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamuangalia mama mukwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa pullover ya zamani, nyekundu ya kuiva. Chini kabisa, pindo lilikuwa limekatwa pande zote, mara tatu kwa kuzunguka. Nilitoa utepe mufukoni. Rangi moja. Nikaushika kwa vidole viwili huku, viwili kule, nikavuta. Ukaja. Nikaendelea kuvuta, ukaendelea kuja.

“Mama,” nikasema, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake katika miaka kumi na moja, “hii ni tricot, ya kufuma.”

“Ndiyo. Iko na nguvu. Haikatike.”

“Haikatike, mama. Inavutika.”

Aliichukua mkononi mwangu. Akavuta mara moja, mara mbili. Akautazama mfuniko, kisha pullover yake, kisha miye.

“Njo maana,” alisema pole pole. “Kwanza fundo lilikataa kukutana na mwisho. Nikalisaidia kidogo.”

Nikamueleza habari ya wa mikono, wa miwani na wa haraka. Nikamueleza kwamba nilikuwa nimewaita waongo katika cahier. Nikakubali pia kwamba kosa la kwanza halikuwa lake: mwanaume aliyepima utepe mara mbili akapata namba mbili angalipaswa kuutazama utepe, si kulia juu ya shule. Mama mukwe alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akacheka mpaka akajifuta macho na lile pindo lililokatwa. Mama mukubwa aliuliza kama sherehe imeisha ao namna gani, maana kuku inapoa.

Tulikula haraka, kisha tukafanya kazi. Mupira murefu una uzuri mumoja: unakatika. Ungekuwa mufupi, tungelia. Niliuweka kwanza katika maji ya moto ili makunjo yalegee. Nikakata mushazari kwenye kona, na ile sumaku iliyo ndani yake nikaikata kwa musumeno wa chuma. Kole, ile gundi ya mupira, nilipaka miye. Mama mukwe alishika ncha moja, miye nyingine, tukabana tukihesabu kimya. Midomo yake ilikuwa inahesabu, na kwa miaka kumi na moja hatukuwahi kukaribiana hivyo. Vidole vyetu vilishikana na kole. Ilibidi bibi yangu atutenganishe kwa mafuta ya kupikia.

“Sasa munapendana mupaka basi,” alisema.

Ili kujua kama mfuniko unashika, unaweka karatasi katikati, unafunga, unavuta. Mama mukwe alileta karatasi ya nyimbo za misa. Kona ya kwanza ilishika, ya pili ilishika, ya tatu ilishika. Kona ya ine, pale nilipokata, karatasi ilitoka bila shida, na nyimbo zake zote. Nilipaka kole tena. Ikatoka tena. Mama mukwe alichukua sufuria yake ya chuma, ile nzito, akaiweka juu ya kona ya ine. Karatasi ikashika.

Samaki walifika siku ya posho mbele ya saa sita. Siku ya yenga, baada ya misa, aliufunua mfuniko akaniita nione. Walikuwa wagumu kama matofali. Nusu ya sifa ni ya sufuria, na nimeiandika hivyo.

Wiki iliyofuata nilipita Kamalondo kuwaambia bafundi wote watatu kwamba hakuna aliyekuwa mwongo. Wa miwani alikubali kwa kichwa, kama muntu aliyejua siku nyingi. Wa haraka hakunikumbuka. Wa mikono hakujali habari ya tricot hata kidogo.

“Balikuingisha?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Na jikoni?”

“Kaloko.”

“Vieux!” akaita jirani yake. “Ya huyu pia!”

Mama mukubwa bado anasema ile haikuwa kuingishwa, ilikuwa réparation, na kwamba ya kweli, yenye pombe na bantu, itafanywa siku yake. Sina uhakika kama hana haki. Kwa sababu ya mashaka hayo, nilipofika tena Ruashi nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti changu cha barazani, nikakaa, nikangoja pazia liseme.

Pazia halikusema. Lilifunguka, na mama mukwe akatoka mwenyewe, mikono ina magamba ya samaki.

“Mukwe, unangoja nani? Réchaud imekufa. Ingia uangalie.”

Nikaingia. Congélateur ilikuwa inanguruma taratibu, sufuria juu ya kona yake. Kwenye musumari, pembeni ya mulango, alikuwa ametundika ule mupira wa zamani, uliopasuka, ameuosha na kuufunga kwa utepe mwekundu.

“Ule usiutupe,” alisema. “Siku ingine bakikuambia ulete ya zamani, iko.”

Kisha akanisukumia réchaud.